Mama wa Kisegi na Binti Yake

Mjukuu wangu Achieng',

Nyanya yako anakusalimu. Mahindi yetu hapa Uriri tumeshavuna. Umeuliza kwa nini nilichagua kutibu magonjwa ya moyo yanayorithiwa.

Nikiwa daktari kijana, mama mmoja wa Kisegi alifiwa na wanawe wawili, wote ghafla. Majirani walisema ni chira, laana ya ukoo. Nilimpima binti yake aliyebaki, kisha yeye mwenyewe. Mioyo yao ilikuwa na kasoro ile ile, ambayo mzazi humrithisha mtoto.

"Kwa hivyo niliwaua mimi?" akauliza.

"Hapana, mama. Hata wewe ulizaliwa nayo."

Akalia sana, kisha akamsogeza binti mbele. "Basi mtibu huyu."

Siku hiyo niliona kwamba mgonjwa wangu ni ukoo mzima.

Binti alitumia dawa, akaishi. Juzi alinipakatisha mjukuu wake mchanga. "Daktari, msikilize moyo na huyu."

Nikasikiliza. Moyo ulipiga sawasawa.

Babu yako