Fimbo Yako Tumeikata, Mjomba

Ukingoni mwa bwawa,
juu ya ndoo iliyopinduliwa,
Jumapili, alasiri.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Ipokee kwa mikono miwili, ingawa mimi naituma kwa mmoja. Wa pili unafukuza mbu. U hali gani huko kwenye baridi? Mgongo wako je, ule uliokuwa ukilia kwa sababu ya kubeba mashuka ya hospitali? Mama anauliza kama unakula vizuri na kama bado unajipikia. Nilimwambia hayo ni maswali yanayopingana.

Sisi hatujambo, ila tumechoka. Asubuhi kabla ya kwenda kazini namwinua baba, namwogesha, namvika shati tukianza na mkono ule mgonjwa. Halafu nakwenda kuchomelea mageti ya watu. Jioni narudi kuanza upya. Juzi nilisinzia nikiwa nimesimama, kofia ya kuchomelea imenifunika uso, na fundi mkuu akadhani nakagua kazi. Akanisifu mbele ya wenzangu. Unaona, hata nikilala mimi ni hodari.

Mzigo wako ulifika salama. Lile bomba refu alilipokea mama, akashangilia kwamba hatimaye kaka yake amemkumbuka kwa fimbo ya pazia. Nilipomwambia ni ya kuvulia samaki akasema, "Na hao samaki wenyewe wanarudishwa majini." Unamjua dada yako. Mpaka leo hajakubali kwamba mtu mzima anaweza kudamka, akamvua samaki, akamtazama, akamwachia. Anasema ni sawa na kupika chakula ukamwaga.

Fimbo ni nzuri, sikufichi. Nyepesi, nyeusi, ukiitikisa kidogo tu ncha inaitika. Na rili iliyokuja nayo, ile ya kukunjia mshipi, inang'aa kama jino la dhahabu. Lakini hapa nakusema, Mjomba, nawe nivumilie. Zawadi hii ulimtumia baba wa zamani, shemeji yako, yule uliyekuwa ukishindana naye papa hapa ukingoni, mwenye mikono miwili. Kiharusi kimeondoka na mkono wa kulia. Rili yako ni ya aina ile inayokaa juu ya fimbo, mkono wake wa kuzungushia uko kulia, na hauhamishiki hata ukiuombea dua. Tulikuandikia hayo. Nadhani barua yetu uliisoma kwa moyo, macho hukuyatumia.

Mimi pia, fundi mzima wa vyuma, sikuona. Ule mng'aro ulinilevya. Nikamleta baba hapa, nikamkalisha, nikamshikisha. Akatupa kwa kushoto. Rili ya namna ile inataka kidole gumba kiubane mshipi unapotoka, na kidole cha kushoto hakijafundishwa kazi hiyo. Rili ikazunguka kwa wazimu wake, mshipi ukavimba ukawa kiota cha ndege. Baba alikitazama kile kiota. Hakutukana, Mjomba, na unajua alivyo na akiba ya matusi. Alisema tu, "Twende nyumbani."

Tangu siku ile akageukia ukuta. Mama wa mazoezi akija kumnyoosha viungo, baba anajifanya amelala na kukoroma kwa kujilazimisha, mpaka anakohoa. Mimi nilicheka. Yule mama hakucheka. Alitwambia uani, "Mkono mgonjwa nauweza. Mtu asiyetaka, simwezi." Mama yangu akaingia jikoni, akaanza kusugua sufuria iliyokuwa imeshaoshwa. Hapo nami kicheko kiliniisha.

Basi nikaenda kwa muuza zana za uvuvi, yule mliyempa jina la Chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, kwa sababu akishakaa kitini hainuki. Niliingia kifua mbele, nikamwambia anipe rili bora kuliko zote dukani.

"Bora kwa nani?" akaniuliza.

"Bora ni bora."

"Kijana, zana hizi si mchumba, huchagui kwa sura. Unaanza na samaki. Samaki anakwambia chambo, chambo kinakwambia fimbo. Wewe umeanza na kioo cha kabati langu."

Nikamjibu kwamba samaki ni yule mwenye mdomo kama mlango wa gereji, fimbo tunayo, na mvuvi ana mkono mmoja tu, wa kushoto. Chubwi akanitazama. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kulishuhudia: alisimama.

Alikwenda mpaka kwenye rafu ya vitu vya watoto. Akaja na rili iliyofunikwa kama kijisufuria, mshipi unatokea kwenye tundu mbele, na nyuma kuna kitufe. Unakibonyeza, unatupa, unaachia, basi. Kiota hakuna. Akafungua skrubu moja, akauhamishia mkono wa kuzungushia upande wa kushoto. Akaniongezea samaki wa bandia mwenye ulimi wa plastiki chini ya kidevu. Akasema huyo hahitaji kuchezeshwa kwa fimbo. Ukimvuta tu, anatikisa makalio mwenyewe.

Tatizo lilikuwa moja. Juu ya kile kifuniko kulikuwa na picha ya bata wa manjano amevaa kofia.

Nilimpaka bata rangi nyeusi ya mageti, tabaka mbili. Kazi safi, hata kiwandani wangeniajiri. Kisha nikachomelea kipande cha bomba kwenye mkono wa kiti cha chuma, kimeinama kidogo kuelekea mbele. Baba akishatupa, anachomeka shina la fimbo ndani ya bomba, na mkono wake wa kushoto unakuwa huru kuzungusha. Hilo wazo ni langu. Chubwi akikwambia ni lake, mwongo huyo.

Kumshawishi baba sikuthubutu. Nilisimama uani mbele ya dirisha lake, nikafunga chambo bila ndoano, nikaanza kutupa kuelekea kwenye beseni la mama huku nikijisifu kwa sauti. Nikapiga kamba ya nguo. Nikapiga mlango wa choo. Nikasema, "Naona kipaji cha ukoo kimeniangukia mimi." Dirishani ikatoka sauti: "Unatupa kama anayemwaga maji machafu. Lete hapa."

Nikamtoa na kiti chake. Mara ya kwanza alipiga ukuta. Mara ya pili beseni likalia, na mama aliyekuwa akifua humo akaniangalia mimi, kana kwamba ndimi niliyetupa. Lakini lile shina lako refu limetengenezwa kushikwa kwa mikono miwili. Kila baba akitupa, linamgota ubavuni. Nikamwambia nitakuandikia ututafutie fupi.

"Shemeji akishajibu nitakuwa nimeshazikwa," akasema. "Kata."

Mjomba, huyu ndiye aliyenifukuza nyumba nzima kwa mkanda nilipokalia fimbo yake nikiwa mdogo. Nikamuuliza mara mbili, "Nikate fimbo ya mjomba?"

"Amenipa au ameniazima?"

Nikachukua msumeno wa chuma nikakata. Nimesugua kwa tupa, nimeziba kwa kizibo, hutaona kovu. Kile kipande mama amekichukua, ndicho kinachozuia dirisha la jikoni lisijifunge. Anasema ndicho kitu cha kwanza cha faida alichokipata kutoka kwenye uvuvi wa mumewe.

Leo ndiyo nimemleta baba. Kumpandisha kwenye toroli la karakana, kulisukuma mpaka huku, kumshusha, kumpanga kitini, mgongo wangu sasa ni ndugu wa mgongo wako. Alitupa majanini. Nikaenda kunasua. Akatupa majanini tena. Nikaenda tena, viatu vimejaa maji, moyoni nikisema mengi ambayo sitayaandika kwa mjomba.

Kisha fimbo ikapinda. Nikaruka.

"Gusa hiyo fimbo uone kama utarithi hata kijiko," akasema.

Nikasimama na mikono yangu miwili isiyo na kazi. Baba akazungusha taratibu, meno yameuma mdomo. Yule samaki akaja mpaka karibu, akaruka juu, akatufungulia ule mlango wa gereji, akatema chambo, akazama. Mshipi ukalegea.

Nikasubiri yale maneno mawili ya siku ya kiota. Nilishaanza hata kulitafuta toroli kwa macho.

Hayakuja. Baba alikuwa akitazama kidole gumba chake. Pale kinapogusa kifuniko kikibonyeza kitufe, rangi yangu ya tabaka mbili imebanduka, na jicho la manjano linamtazama.

"Nani huyu?"

"Bata, baba."

"Bata wa nani?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Wa watoto."

Akalisugua lile jicho kwa kidole gumba. Halafu akasema, "Ana jicho la shemeji yangu. Lile lile, la mtu anayedhani ameshinda." Akacheka. Mdomo wake sasa unacheka upande mmoja tu, Mjomba, lakini upande huo ulicheka kwa mbili. Nikamwambia nitampaka rangi upya. Akasema, "Mwache. Anitazame."

Kwa hiyo bata yuko wazi, na wewe uko hapa pamoja nasi kwa namna hiyo.

Mama anakusalimu sana, anasema pazia bado anangoja. Mdogo wangu wa kike anakusalimu, amefaulu mtihani na ananisahihishia maneno bila kuombwa. Chubwi anakusalimu akiwa amekaa. Baba anasema uje na mikono yako yote miwili, atakufunga kwa mmoja. Mungu akulinde na baridi na akurudishie mgongo wako, na ukipata nafasi mwombee na wangu.

Muda wa kuandika yote haya nimeupata kwa sababu moja. Baada ya yule samaki kutoroka nilimwambia, "Baba, nimechoka, twende nyumbani." Hakugeuza hata shingo. Akasema, "Nenda wewe."

Naishia hapa. Ananiita nikanasue chambo majanini, na hapendi kungojeshwa.

Wako akupendaye, viatu vikiwa vimelowa,
Mpwa wako, mchomeleaji.