Itunze Kama Mbegu

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua duka langu la kuchapa saa moja. Mihtasari miwili ya vikao, barua za kazi nne, ratiba ya mazishi moja. Kitabu changu: hata mstari. Kompyuta inagonga tena ndani, ko ko ko. Humo mna hadithi tisa za Bibi kwa sauti yake mwenyewe, na sura nne nilizoandika kutokana nazo. Bibi tulimzika Agosti. Nakala nyingine hakuna. Uvivu tu, na visingizio vya wateja.

Jumatano, 5 Machi. Majivu
Wengine wanaacha nyama. Mimi naacha visingizio. Kwaresima yote: saa nzima ya Bibi kabla ya kufungua duka, mteja agonge asigonge. Nimenunua flashi mbili. Umeme ukakatika katikati ya kunakili, nikaanza upya. Sauti zimeingia kwenye zote mbili. Sura bado, nazirekebisha kwanza.

Jumapili, 9 Machi
Kaengesa, kijijini kwetu. Baada ya misa nimempa Mama flashi moja. Nyingine iko kwenye droo ya duka. Nikamwambia hiyo ni sauti ya Bibi, aitunze kama mbegu. Akacheka. "Mbegu unanifundisha wewe?" Nimerudi mjini na moyo mwepesi.

Alhamisi, 13 Machi
Kompyuta imekufa. Fundi kaifungua, kaifunga. "Dada, humu hamna kitu tena." Sura nne, basi. Nikakimbilia droo. Flashi haimo. Nikakumbuka: Jumanne mwalimu alitaka mitihani yake haraka, nikashika flashi iliyokuwa karibu, nikaifuta, nikamwekea, akaondoka nayo. Kwa mikono yangu mwenyewe. Najichukia. Imebaki ya Mama.

Jumamosi, 15 Machi
Kaengesa tena. Mama kanionyesha flashi kwa fahari. Juu ya mafiga, kwenye moshi, ndani ya kitambaa kimoja na mbegu za ulezi, wadudu wasiiguse. Plastiki imejikunja kwa joto. Nimelia. Kisha nikamfokea, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Alisubiri nimalize. Akauliza tangu lini mbegu zikalala nyumba moja. Kabla ya kuitundika alishaipeleka Mpui kwa mama mdogo, kama anavyompelekea ulezi kila mwaka. Mama mdogo akataka kumsikia Bibi, na muuza nyimbo wa pale akamwingizia kwenye memori kadi ya redio. Nimepiga magoti, nikamwomba msamaha.

Jumapili, 16 Machi
Mpui, kwenye redio ya mama mdogo. Hadithi zote tisa zimo. Nimehesabu mara mbili.

Jumatatu, 17 Machi
Saa kumi na mbili asubuhi. Kompyuta ya kuazima. Nakala moja kwenye simu, moja kwa mama mdogo, moja kwa Mama, ndani ya kopo, mbali na moto. Sura ya kwanza, upya kabisa. Mteja amebisha. Sijafungua.

Bibi anakohoa kidogo kabla ya kuanza kusimulia. Mara ya kwanza kikohozi hicho nilikiruka. Leo nimekiandika.