Kasuku wa Marehemu Anajinyonyoa Manyoya

Tantine Prudence, salamu nyingi kutoka Buyenzi. Kwa miaka nimesoma majibu yako gazetini nikicheka matatizo ya wenzangu, leo yamenifika mimi na sijui pa kuyapeleka, kwa hiyo nakuomba usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua.

Mimi ni mjane, umri wangu miaka arobaini na mmoja. Mume wangu Ilyasi alikuwa fundi wa magari huko Zone Industrielle, kwenye viwanda, na mwezi wa tatu alitoka asubuhi akiwa mzima, akaanguka kazini, tukaletewa maiti kabla ya alasiri. Watoto hatukujaaliwa. Aliniachia nyumba na kasuku mmoja wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jina lake Shefu, ambaye tulikuwa naye miaka kumi na moja na ambaye, nisikudanganye, sikumpenda, kwa sababu alikuwa ndege wa Ilyasi tu, mimi alinidonoa kila nilipompelekea maji, na nyumba ilijaa vipande vya mbao alizotafuna, mbao za makasha ambazo Ilyasi alimletea kila jioni kutoka kazini. Siku ya arobaini tulifanya usafi, mbao zote nikazipeleka jikoni, zikapika pilau ya hitima.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, na Tantine, mtu hajui kimya ni nini mpaka akae eda katika nyumba isiyo na mtoto. Nikaanza kuzungumza na Shefu. Mwanzo nilimgombeza tu, baadaye nikawa namsimulia ndoto zangu, nasoma Yasini mbele yake, namlisha kwa mkono, parachichi, karanga za chumvi, chai ya maziwa kwa kijiko, mpaka akaacha kunidonoa na kuanza kuniinamishia kichwa nimkune shingo. Nasema kweli, bila yeye ningepata wazimu.

Eda ikaisha. Houda, mwenye atelye ya ushonaji ambako nimefanya kazi miaka tisa, alikuwa amenitunzia cherehani yangu, nikarudi. Siku ile ya kwanza wenzangu walisimulia jambo, hata silikumbuki, nikacheka, nikacheka hadi machozi, mara ya kwanza tangu msiba. Jioni nafungua mlango, nakuta manyoya yametapakaa sakafuni na kifua cha Shefu kiko wazi, ngozi tupu kama kuku aliyetoka kwenye maji ya moto. Alijinyonyoa mwenyewe, siku ile ile niliyocheka.

Nikamwita wifi yangu Mwanvua, dada wa marehemu, na mimi mjinga nikamweleza yote, hata kile kicheko. Akashika mdomo. Akasema, "Assia, huyu ndege analilia kaka yangu. We ulitoka mbio sana. Mutu hajamaliza hata mwaka mu kaburi, na we uko unacheka ku atelye?" Nikamjibu kwamba eda nimeimaliza, siku zote nilizihesabu. Akasema, "Eda ya sheria umemaliza. Na ya roho je? Chagua. Kaa ku nyumba mpaka mwaka ufike, ao twende Ruziba, inje ya muji, tumuachilie huyu ndege, ikuwe sadaka ya marehemu."

Tantine, hii ni wiki ya tatu sijatoka. Nimemfukizia ubani asubuhi na jioni, nimempaka mafuta ya mawese kifuani, nimefunika kizimba kwa kitambaa cheusi mchana kutwa ili atulie, na sasa ameanza kunyonyoa mabawa. Houda amenipigia simu mara mbili, ana kazi ya sare za shule, juzi akaniambia, "Assia, mi nakupenda, lakini Jumatatu usipokuja nitapatia mutu mwengine ile mashini." Nikiikosa mashine hiyo sina pengine pa kwenda. Nikienda, naogopa nitarudi nimkute Shefu amekufa, na watu watasema nilimwua kwa furaha yangu. Na la aibu kuliko yote ni hili: kuna siku nafurahi kwamba anaumwa, kwa sababu napata sababu ya kutofungua mlango. Nifanye nini?

Assia, Buyenzi

* * *

Assia, mdogo wangu, pole. Pole kwa Ilyasi, na pole kwa kucheka mara moja tu kisha ukalipishwa wiki tatu. Sasa kaa vizuri, maana nitakugombeza.

Zima huo ubani. Uzime sasa hivi, kisha uendelee kusoma. Mimi sikuwahi kufuga kasuku, nilifuga kuku wakanishinda, kwa hiyo nilimpigia simu Fortunat, daktari wa wanyama ninayemfahamu kule Kinanira, nikamsomea barua yako neno kwa neno. Kwenye ubani aliguna. Mapafu ya ndege ni mepesi sana, moshi unaoturidhisha sisi unamchoma yeye, na wa makaa ni vilevile. Kwenye parachichi alinikatiza, akataka nilirudie neno hilo. Parachichi ni sumu kwa kasuku, Assia! Sisi tunamlisha nalo mtoto mchanga, lakini ndege huyo linaweza kumwua, na kwamba Shefu bado anapumua mshukuru Mungu wako. Chumvi acha, chai acha. Na mafuta ya mawese yanagandisha manyoya yaliyobaki, anapata baridi na anazidi kujinyonyoa ili ajisafishe. Ulifanya yote hayo kwa mapenzi, najua, ila mapenzi bila kuuliza yamewaua wengi.

Sasa tuzungumze juu ya zile mbao. Nimerudia barua yako mara tatu na kila mara naishia kwenye ile pilau. Kwa miaka kumi na moja ndege huyo alikuwa na kazi. Kila jioni analetewa ubao, kesho yake anaupasua kutwa, jioni anaanza mwingine. Akaukosa mkono uliomletea, nanyi mkaichukua kazi yenyewe mkaipikia wali. Kisha kwa miezi minne ukawa wewe ndiye kazi yake, sauti yako, vidole vyako, asubuhi hadi usiku. Siku moja ukatoka kwa muda wa saa tisa nzima bila kumzoesha, ukamwacha na fito nne za kizimba. Fortunat anasema kasuku asiye na shughuli huifanya shughuli hiyo mwilini mwake. Hakuna aliyemwambia kwamba ulicheka.

Inawezekana pia anamkosa Ilyasi. Ndege hawa hukaa na mtu miaka mingi na humjua. Lakini kumkosa mtu ni jambo moja, na kukukataza wewe kazi ni jambo lingine, na hilo la pili amelisema Mwanvua, si kasuku. Kuhusu eda mimi Mkristo sina la kukufundisha. Nilimuuliza jirani yangu Radjabu, ambaye amefundisha dini yenu tangu mimi nasuka nywele za kitoto, hii eda ya roho ikoje. Akaniuliza, "Iko mu kitabu gani?" halafu akarudia kahawa yake.

Wala usimchukie wifi yako. Wewe ulipewa miezi minne ya kulia na watu wakakuletea chakula, yeye alifiwa na kaka yake na bila shaka wiki iliyofuata alikuwa sokoni. Alipomwona ndege aliyenyonyoka, nadhani alimwona mwenzake. Mlete kwako Jumapili, mpe bakuli amlishe Shefu kwa mkono wake, mlie wote wawili mkitaka. Ila habari ya Ruziba mkatalie waziwazi. Ndege aliyenyweshwa kwa kijiko hajui kujitafutia, mwewe wataimaliza hiyo sadaka yenu kabla hamjafika barabarani. Kama anataka kumtolea marehemu, kuna yatima mjini.

Jumamosi mpeleke Shefu kwa daktari, maana kujinyonyoa huenda pia ni wadudu au ugonjwa wa ngozi, na hilo si la kukisia. Kitambaa cheusi kiwe cha usiku tu; kasuku anahitaji giza la saa kumi au zaidi, lakini mchana ni mchana. Kizimba kiweke karibu na dirisha la uani, ubavu mmoja ukiegemea ukuta, aone watu wakipita na awe na pa kujificha. Mnyunyizie maji safi ya vuguvugu asubuhi. Katafute makasha ya zamani kwa wenzake Ilyasi, mbao tupu, zisizo na rangi wala misumari. Chakula usimmwagie chote kwenye bakuli. Mfungie mahindi mabichi kwenye maganda yake, mviringishie lengalenga, yaani mchicha, ndani ya karatasi, mpe tunda la mchikichi na pilipili nzima, ndiyo, pilipili, haimwashi, na mwache ahangaike kuvipata. Akitumia saa moja kutafuta punje, ni saa moja hajagusa kifua chake. Manyoya mengine huenda yasirudi. Utaishi na kasuku mwenye upara, wangapi wanaishi na waume wenye upara.

Lile la aibu nalijua, nami liliwahi kunipata, sitakuambia lini. Mlango ukishafungwa muda mrefu mtu huanza kuupenda. Ulipoandika ulikuwa umeshajijua, ndiyo maana sikupigii kelele hapo. Lakini usimtwike ndege mzigo huo.

Kuanzia leo toka nje dakika tano, urudi. Kesho nenda dukani, urudi. Jumapili nenda kwa Mwanvua mwenyewe umchukue, urudi naye. Kila unapotoka msemeshe kwa maneno yale yale, na ukirudi mkune shingo. Jumatatu asubuhi mwachie ubao mpya, mwambie unakwenda kwa Houda, funga mlango. Utamsikia akipiga kelele mpaka kwenye kona. Usigeuke. Shona sare zako, kisha jioni rudi, na Jumanne ufanye vivyo hivyo. Yule aliyempenda kuliko wote alitoka asubuhi na hakurudi, na hilo hakuna ubani wala Yasini itakayomweleza. Atakayemfundisha kwamba mtu hutoka akarudi ni wewe, na hutaweza kumfundisha ukiwa umekaa ndani.

Tantine Prudence