Njuga ya Wataona

Jumatatu, 2 Oktoba 1989
Nimefagia banda. Ugali na vichwa vya dagaa kwa wote. Popi ameacha kutafuna kamba. Bwana Mifugo anasema mtu wa Bugene atamchukua alinde kahawa. Ndiyo kazi yangu hapa kando ya josho: mbwa wa mitaani wasio na kichaa wanaletwa, nawatoa ubaya wao, wanapata kwao. Ambaye ubaya haumtoki anapigwa risasi.

Mbwa mmoja, Wataona, ubaya haujamtoka. Baiskeli ikipita barabarani anarukia seng'enge mpaka mdomo unavuja damu. Jina nimempa mimi. Huku mbwa hupewa jina la kumsema jirani, na majirani wamecheka mno kuona mjane analea mbwa. Nampenda huyu kuliko wote.

Ijumaa, 6 Oktoba
Balaa. Wataona ametoka, amemng'ata mbeba kahawa wa Ihanda. Suruali imechanika na nyama ya mguu kidogo. Bwana Mifugo amekuja amenuna. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao atakuja na baiskeli na mwenye bunduki. Baiskeli ikipita mbwa ametulia, atatafutiwa kwao. Asipotulia, basi.

Nimemfunga karibu na barabara azoee. Amelia kutwa.

Jumanne, 10 Oktoba
Nimeletewa msaidizi. Sikuomba. Leonia, binti wa familia moja iliyotoka Rwanda, wanalima vibarua kwa Bwana Mifugo. Mtoto mgongoni. Kanisalimu vizuri, shikamoo mama, magoti chini. Nimetafuta kosa sikuliona. Ikaniudhi zaidi.

Ameomba tumwondoe Wataona barabarani. Kampeleka mwisho wa migomba, kaketi chini, kampa mgongo, akawa anarusha dagaa mmoja mmoja nyuma yake bila kugeuka. Jioni mbwa amelala, kidevu juu ya mguu wake. Mimi nimemlisha tangu masika, hajanilalia hata kwenye kiatu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimeugua.

Jumatano, 18 Oktoba
Leonia ameona jambo. Baiskeli ikisukumwa bila kengele, Wataona anapiga miayo. Ni kengele inayompandisha hasira. Kanieleza taratibu, kama anayeniomba radhi. Nikasema nilikuwa najua.

Sikuwa najua.

Alhamisi, 19 Oktoba
Nimemshika shingo leo, nikiwa peke yangu. Manyoya yamelika mduara mzima. Siku zote nilidhani ni kamba. Si kamba, ni ukanda wa njuga, kengele anayofungwa mbwa wa msako. Huyu alikuwa mbwa wa mwindaji. Njuga ikilia, msako umeanza, kimbiza kilicho mbele. Na mimi, mke wa mwindaji, nimekaa muda wote nikilaumu magurudumu.

Nimefungua sanduku, nimetoa njuga ya marehemu. Bado imejaa nyasi. Aliishindilia nyasi isilie njiani, akizitoa wakishafika porini. Hizi alizitia kwa mkono wake. Nimekaa nazo kidogo.

Leonia sijamwambia. Hiki ni changu.

Jumapili, 22 Oktoba
Baada ya ibada nimejaribu peke yangu. Njuga mkono huu, dagaa mkono huu. Hata na nyasi zake ilitoa mlio mdogo, akanirukia, kanikwaruza mkono mpaka kiwiko. Anayetikisa hawezi kuwa anayelisha, mbwa anaifuata njuga. Lazima tuwe wawili.

Nimekasirika mpaka nimeunguza maharage.

Alhamisi, 26 Oktoba
Nilimwambia Leonia Jumatatu. Tunafanya hivi: mimi najificha mbali nyuma ya migomba, natikisa njuga yenye nyasi. Leonia ameketi naye. Mlio ukisikika tu, dagaa. Mlio ukinyamaza, hakuna dagaa. Kila siku napunguza nyasi kidogo na kusogea kidogo. Inafanya kazi. Sasa akisikia njuga anakaa na kungojea chakula.

Lakini tazama tulivyogawana. Mimi ndiye kelele, yeye ndiye chakula. Mbwa atampenda nani? Jana tulibadilishana, nikakaa mimi. Akainuka, akamfuata Leonia kwenye migomba.

Bwana Mifugo amepita leo. Kamsifu Leonia, mkono wake una baraka. Nyasi hakuziulizia.

Jumatano, 1 Novemba
Nyasi zimekwisha. Njuga tupu, Wataona anakaa. Tumeazima baiskeli, kengele imelia karibu kabisa, amekaa. Anamtazama Leonia usoni. Leonia amelia machozi. Kasema mbwa akipona Jumamosi atamwomba kwa Bwana Mifugo, kwao wanaibiwa mihogo.

Mimi nilishamtengea mahali barazani kwangu. Gunia nimelifua.

Nimemwambia siku imesogezwa, ni Jumatatu. Nilikuwa namenya ndizi. Nikaendelea kumenya. Nataka mara moja tu mbwa yule anitazame mimi. Wivu ndio huu, sina jina jingine la kuupa.

Jumamosi, 4 Novemba
Wamekuja asubuhi. Bwana Mifugo, mwenye bunduki, na yule mbeba kahawa na baiskeli yake, mguu una kitambaa.

Nimeketi chini kama Leonia anavyoketi. Dagaa mkononi, na nyama nimeongeza. Kengele ya kwanza, mbali. Wataona ameinuka. Ametazama njia anayokuja nayo Leonia. Kisha barabara. Manyoya ya mgongo yamesimama. Nimempa nyama, imeanguka, hajainusa. Kengele ya pili, karibu. Kamba imenichuna kiganja. Mwenye bunduki akaishusha begani.

Nimesimama kati ya bunduki na mbwa. Nikasema, "Ngojeni. Mwenye mbwa hayupo."

Bwana Mifugo kauliza, si wewe? Nikasema si mimi. Nikasema ni Leonia, nilimdanganya siku. Mbele ya wote, mtu mzima na kitenge changu cha kanisani. Mbeba kahawa akacheka, nikamwambia acheke akiwa njiani, aende akamlete.

Leonia amekuja kwenye keria, mtoto mgongoni, jembe mkononi. Kaweka jembe chini. Akaketi. Baiskeli imepita, ikarudi, ikapita tena, kengele juu ya kengele. Wataona kakaa chini, kamtazama usoni, kapokea dagaa wake. Mwenye bunduki amekwenda zake.

Jioni kaniaga kama kawaida. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 12 Novemba
Wataona anaishi kwao, ng'ambo ya migomba. Bwana Mifugo hakufikiria hata mara mbili.

Senene wameanza kuanguka. Leonia kaniletea bakuli zima, wamekwisha kunyofolewa mabawa, wamekaangwa. Yeye hawali. Alikesha kuwakamata kwa ajili yangu. Nimekula wote nikiwa na hasira.

Mbwa alikuwa naye. Kanipitia, kanusa kiganja chenye kidonda, kaendelea. Leonia bado anamwita Wataona. Nilidhani atambadilisha jina. Majirani wameona, na wala si mimi waliyemwona.

Gunia nimelirudisha stoo.

Jumatatu, 20 Novemba
Mvua asubuhi. Nimefagia banda. Kuna mgeni, jike jeusi, anauma ndoo. Nitaanza na ndoo ya mbali.

Nimempelekea Leonia njuga. Wataona anazurura jioni na jina haliitiki, njuga anaiitika, anarudi kungojea dagaa. Kaipokea kwa mikono miwili. Kauliza kama haina mwenyewe. Nikamwambia mwenyewe alishakufa. Nyasi nimebaki nazo, zimo sandukuni, zimefungwa kwenye leso.

Wivu haujaisha. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo.

Jioni nilikuwa uani, nimesimama na sufuria. Njuga ikalia ng'ambo ya migomba, wazi kabisa, kama zamani marehemu alipokuwa anakaribia nyumbani. Nikaweka sufuria. Nikakaa chini, nikangojea.