Sasa Namwomba Mama Salima

Bwiza, Bujumbura

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri, mguu umeacha kukusumbua na mvua ya Tabora imewapa nafasi ya kuvuna. Mama naye shikamoo nyingi. Najua yeye ndiye anayekusomea, kwa hiyo namwomba asiruke mahali. Sisi huku tu wazima. Nasema wazima, lakini ilibaki kidogo tu niandike mengine.

Baba, unakumbuka nilipokupigia simu kukuambia nimepata kibali cha bastola, baada ya duka langu la vipuri kuvunjwa? Nilijitapa sana siku ile. Nilisema ninayo kiunoni kutwa, risasi zikiwa ndani, maana bila risasi ni chuma tu. Ukaniuliza, "Sasa wewe unamwomba nani?" Nikacheka mpaka nikapaliwa.

Nilijua unauliza nini. Bunduki yako ya kufukuzia nguruwe pori inaning'inia chumbani, lakini risasi ziko kwenye sanduku la Mama, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga yake. Nguruwe wakiingia kwenye mahindi, sharti umwamshe, umwombe, useme unataka ngapi, na asubuhi umrudishie zilizobaki. Majirani walikuwa wakisema Mzee Idrisa anatawaliwa na mke. Nami nilikuwa naona aibu kwa ajili yako. Leo aibu ni yangu mwenyewe.

Ijumaa moja mwezi uliopita nilikuwa natawadha kwenye mabomba ya msikiti. Kama kawaida nilivua saa, soksi, na bastola pamoja na mfuko wake, kwa sababu nikiinama kuosha miguu inanichoma mbavu. Nikaviweka vyote juu ya kiukuta. Nikasikia ikama, sala inaanza, nikanyakua saa nikakimbilia safu. Katika rakaa ya pili, nikiwa nimesujudu, nikahisi kiuno chepesi. Sijui nilisoma nini baada ya hapo. Nilipotoka, kiukuta kilikuwa kitupu.

Nilizunguka nikiuliza, "Hamjaona mfuko mweusi?" Nilisema mfuko tu, Baba. Sikuthubutu kutaja kilichomo, na watu waliendelea kutafuta viatu vyao huku watoto wa madrasa wakipita katikati yao. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Niliona afadhali mtu adhurike kuliko mimi niaibike.

Nikarudi nyumbani. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, akanyoosha kidole kuelekeza ndani. Mjukuu wako Salima, anayesoma madrasa hapo hapo msikitini, alikuwa ameketi kwenye mkeka. Mbele yake soksi zangu zimekunjwa vizuri, na bastola juu yake. Unajua mimi ni msahaulifu tangu utoto, na yeye ndiye huniokotea: kofia, miwani, funguo za duka. Alikuwa ameifunga kwenye mtandio wake akakatiza nayo Bwiza nzima, mbele ya baa na maduka, akikimbia aniwahi nyumbani.

"Papa, ulisahau vitu yako," akasema. Aliponiona nimeduwaa akaongeza, "Hauniambii aksanti?"

Sikumwambia. Niliichukua, nikatoa risasi, nikaingia chumbani nikalia. Mama Salima akanifuata.

"Papa Salima, wezi siwaogopi tena," alisema. "Mi naogopa we."

Kesho yake nikaenda kwa imamu kumweleza yote, naye akataka niyaseme mwenyewe mbele ya watu Ijumaa iliyofuata. Nikasimama nikasema, na lile swali lako nikalitaja, jasho likinitoka kama mwizi. Walikuwemo wafanyabiashara wenzangu wenye vibali kama mimi. Mmoja alicheka chini chini. Wawili walinifuata nje kuniuliza mnavyofanya wewe na Mama, nikawaeleza mpaka habari ya pindo la kanga, na safari hii sikuona haya.

Risasi zangu sasa anazo mke wangu. Mara ya kwanza kumwomba, aliniuliza naenda nazo wapi. Nikasema msikitini, kisha dukani. "Apana," akajibu, na akaendelea kuchambua maharage. Nikaondoka bila. Kwa hiyo swali lako nimelijibu, Baba, ingawa nimechelewa, na unisamehe kwa kile kicheko.

Nisalimie shangazi aliyenilea, kaka yangu na watoto wake, na yule jirani mzee aliyekuwa akikucheka. Mwambie Rajabu amesema tulikuwa wajinga sote wawili.

Nilikuwa nimefika hapa nikamwita Salima aniletee miwani, niipitie barua kabla ya kuifunga. Zamani angekuja nayo mbio. Leo amejibu kutoka chumbani, "Papa, iko juu ya kitanda. Mi sijaigusa." Nimeifuata mwenyewe nikamkuta amesimama mbali na kitanda, mikono ameificha mgongoni. Nimemwambia asante. Ameniuliza, "Ya nini?"

Mwanao,
Rajabu