Mstari wa Wino Chini ya Kwapa

Jumatano, 22 Hamle

Asubuhi mvua nyembamba, baridi ya kuuma vidole. Addis yote inanuka moshi wa mikaratusi. Nilivaa sweta mbili, na hospitalini nikaambiwa nivue zote.

Majibu ya kinyama walichonikata kupima yametoka. Ni saratani. Titi la kushoto. Dakta Mihret anasema uvimbe una ukubwa wa punje ya zabibu. Nikamwuliza zabibu mbichi au kavu. Akanitazama, akacheka kidogo, akasema mbichi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza: kuondoa titi zima. Ya pili: kuondoa uvimbe pamoja na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka, titi libaki, kisha mionzi kila siku ya kazi kwa wiki tatu. Nikauliza ipi inamwacha mtu hai zaidi. Anasema kwa uvimbe kama wangu ni sawasawa — kwa sharti kwamba anayebakiza titi amalize mionzi. Anayeiacha katikati ameacha mlango wazi. Na anayekata lote, ndiyo basi na mionzi? Mara nyingi ndiyo, si daima. Tezi za kwapani zikikutwa na ugonjwa, huenda naye akapelekwa huko huko.

Nimpe jibu Jumatano ijayo. Mashine ina foleni, lazima anitafutie nafasi mapema.

Mimi ni mshonaji. Mtu akiniletea gauni lenye tundu simwambii alitupe. Lakini gauni halirudi kukuua.

Nimemwambia Emaye jioni. Alikuwa anachambua dengu. Mama yangu huyu aliendelea kuchambua mpaka zikaisha, ndipo akasema: kwanza mlimani Entoto, kwenye tsebeli, maji ya baraka yamwagwe mwili mzima. Na baada ya kisu, kila asubuhi mpaka nipone. Nikamwambia daktari anataka jibu Jumatano.

"Na Mungu je, yeye umempa miadi lini?"



Alhamisi, 23 Hamle

Mvua tena. Nimeenda kuiona mashine. Siwezi kuchagua kitu nisichokijua.

Mtaalamu wa mionzi anaitwa Surafel, kijana mpole, ana mafua. Amenionyesha kupitia kioo. Kitanda chembamba, na mkono mkubwa wa chuma unaozunguka. Mgonjwa analala peke yake mle ndani, mkono juu ya kichwa, dakika chache tu. Nilidhani kutakuwa na kelele kama za cherehani kuukuu. Mlio mdogo tu.

Kwenye benchi nikakaa na mama mmoja wa Gojam, Yeshimebet. Namwita Etiye, kama dada mkubwa. Alibakiza titi, yuko wiki ya pili ya mionzi. Shingoni ana nikisat, ile michoro ya buluu ya wasichana wa zamani, imepanda mpaka kidevuni. Akafunua shuka lake nione michoro mipya: mistari ya zambarau kifuani, mmoja umeshuka chini ya kwapa.

"Hii ya shingo nilichomwa kwa mwiba na masizi, nikalia kutwa nzima," anasema. "Huyu kijana kanichora bila hata kuniumiza. Uzee wote huu, bado napambwa!"

Nikamwuliza Surafel mionzi ikoje. Anasema haionekani, hainuki, haina joto.

"Kama marehemu mume wangu," akasema Etiye. Benchi zima likacheka, hata Surafel akapenga kamasi kwa kucheka.

Ngozi yake imeiva kidogo upande ule, kama aliyekaa karibu na jiko. Anasema uchovu humjia mchana, basi anajilaza. Nikauliza kama anajuta. "Nijutie nini? Linalala nami kila siku." Akalipapasa titi kama anapapasa paka.

Mistari ni ya nini? Surafel anasema kila siku taa nyekundu za ukutani lazima ziikalie sawasawa. Mgonjwa akisogea upana wa punje chache za tefu, mionzi inapiga mahali pengine. Kwa hiyo mistari isitoke, na mtu asijichoree mwenyewe ikififia.

Ijumaa, 24 Hamle

Sikuwa na sababu ya kurudi. Nimerudi.

Etiye alifika nywele zimelowa. Ametoka Entoto moja kwa moja, amemwagiwa tsebeli tangu utosini. Alipofunua shuka, kifua kilikuwa cheupe. Hata doa la wino hakuna.

Surafel akashika kichwa. "Etiye, si nilikwambia mchoro usitoke?"

"Uliniambia hautoki!" Akamwonyesha shingo. "Siku ya kwanza ulisema, njoo mama nikupige nikisat. Hii nimeiosha miaka arobaini. Imetoka?"

Surafel akakiri. Ni kweli alisema hivyo. Alikuwa anamtania ili asiogope.

Sasa lazima apimwe upya, na mashine ya vipimo haina nafasi mpaka Jumatatu. Surafel anasema siku mbili hizi, leo na hiyo Jumatatu ya vipimo, zitafidiwa mwishoni, asiwe na hofu. Lakini Surafel alipoondoka, Etiye alinishika mkono. Vidole vya baridi kabisa.

"Mwanangu, wewe umesoma. Hiki kidudu cha ugonjwa kikikosa mionzi siku mbili, hakinenepi?"

Nikamwambia aliyoyasema Surafel, neno kwa neno. Sikuongeza. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi nichague. Maji au mistari."

Nimerudi nyumbani kwa miguu nikilirudia neno hilo.

Jumamosi, 25 Hamle

Jua kidogo asubuhi. Nimenunua kalamu ya wino mzito, zambarau. Nimejifungia, nikajichora mistari kwa rula ya dukani: mmoja katikati ya kifua, mmoja chini ya kwapa. Nataka kujua kama mtu anaweza kuishi nayo.

Jioni: wa katikati mzima. Wa kwapani umeanza kufutika, sindiria inausugua, na mkono wangu wa kushoto hautulii nikisukuma kitambaa. Sindiria imeingia wino. Ningeshona fulana ya pamba laini isiyo na mshono upande huo. Sijaamua, nasema tu ningeshona.

Kukata titi zima kuna wepesi wake. Siku moja, kidonda, basi — labda. Hakuna mistari. Naweza kumwachia Emaye animwagie ndoo zake zote.

Nimejitazama kwenye kioo muda mrefu. Nalipenda. Sikujua.

Jumapili, 26 Hamle

Baada ya misa nikamwuliza kasisi: mtu asiyeruhusiwa kulowa kifua afanyeje? Akasema kunywa ni tsebeli, kujimwagia ni tsebeli, na dawa pia imetoka kwa Mungu. Nikampelekea Emaye jibu hilo, nimefurahi.

"Huyo kasisi bado mdogo," akasema, akaendelea na kahawa.

Jumanne, 28 Hamle

Mvua tangu alfajiri, ua mzima matope. Kesho ndiyo Jumatano.

Jioni nilikuwa jikoni najinawa kwa kitambaa, nimeinama ili maji yasifike kwenye mistari. Emaye akaingia bila kubisha. Akaiona.

"Wameshaanza? Bila kuniambia?"

Nikamweleza kwamba nimejichora mwenyewe, najaribu tu. Nikamweleza habari za taa nyekundu, za Etiye Yeshimebet na shingo yake. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akauliza kama yule mama ana mtu wa kumwosha. Nikasema sijui. Nadhani hana.

Akachukua kitambaa mkononi mwangu, akakikamua mpaka kikabaki na unyevu tu. Akaniosha mgongo. Akaja mbele, shingo, bega, kisha taratibu kando ya mstari, ulimi ameubana kwa meno, kama anavyopangusa vumbi kuzunguka picha ya Bikira. Hakuugusa. Alipofika kwapani akaniinua mkono mwenyewe, akapuliza pakauke.

Kisha akajaza kikombe kutoka kwenye dumu la Entoto, akanipa ninywe. Nikanywa chote.

"Wiki tatu?" akauliza.

"Emaye, sijaamua."

"Sijauliza umeamua nini. Nimeuliza wiki ngapi."

Nikamwambia tatu. Akaenda kuanika kitambaa.

Saa tatu na robo usiku. Nazima taa, nalala chali, mistari isije ikafutika.