Nani Aliujenga Msikiti wa Kale

Mume wangu mdogo, mjukuu wangu Hamisi,

Salaam aleikum. Huku Diani hatujambo, alhamdulillahi. Mamako amevuna mihogo na goti langu limenyamaza. Barua yako imenichekesha peke yangu! Waniuliza ni nani aliyeujenga msikiti wetu wa kale.

Basi sikiliza. Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, zilibaki siku nne Maulidi yasomwe. Kijiji kizima kilikuwa kikiupaka msikiti chokaa, nasi wasichana tulitumwa maji ya kuichanganya. Kisima kilikuwa mbali, na bahari ilikuwa papo hapo! Mimi na shoga yangu Mwanasiti tukajaza mitungi baharini, tukarudi mbio, tukasifiwa.

Asubuhi yake fundi, Mzee Bakari, akaugusa ukuta kwa ulimi. Akatema.

"Nani kanitilia maji ya chumvi? Chokaa hii haitashika, mvua ya kwanza itaimenya yote!"

Tulijitaja wenyewe. Nilidhani tutafukuzwa. Lo! Akatutia miiko ya uashi mikononi, sisi wasichana!

"Mlioharibu ndio mtakaotengeneza."

Tukakwangua, tukateka kisimani, tukapaka upya mpaka viganja vikachubuka. Siku ya Maulidi ukuta ule uling'aa, Hamisi, uling'aa! Watu walisikiliza kaswida, mimi nikitazama ukuta.

Walioweka jiwe la kwanza siwajui. Lakini ukiulizwa ni nani aliyeujenga, usiache kumtaja bibi yako.

Akupendaye,
Bibi Mwanamkasi